Nilivyofuta Kengele ya Mayai

Mimi ni mtu wa kutupa vitu. Nyumbani kwangu Ruiru kuna viti viwili, sufuria tatu na kitanda, na dada yangu akija kunitembelea huniambia nyumba inafanana na ya mtu anayehama kesho. Siudhiki. Nililelewa katika nyumba yenye kabati la vioo lililojaa vikombe ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuonekana anastahili kuvinywea, nikaapa kwamba nikiwa na kwangu, kila kitu kitafanya kazi au kitaondoka. Kazi niliyoipata ukubwani imenidekeza, kwa sababu hunilipa kwa tabia hiyo hiyo.

Kazi yenyewe ni hii. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, ile programu kubwa inayoamka kwanza na kuziamsha nyingine. Mifumo ya kawaida huja na mizigo mingi: michezo, picha za kupamba skrini, lugha za nchi ambazo hutawahi kufika. Mimi hujenga mifumo midogo. Naanza na kiini kitupu, naongeza tu kinachohitajika ili kuendesha kontena, yaani programu iliyofungwa pamoja na vyote inavyotumia, kisha nafunga yote kuwa faili moja ambalo sisi wa kazi hii huliita imeji. Unaliandika kwenye kadi ya memori, unachomeka kadi, basi. Kila kitu ninachokiondoa hunipa raha ambayo wenzangu huipata kwa nyama choma.

Ndiyo maana nilifurahi sana mwalimu mmoja mstaafu aliponipigia simu. Alikuwa na nyumba ya kuangulia vifaranga nje kidogo ya mji wa Thika, yenye mashine tatu kubwa kama kabati za nguo. Kila mashine iliongozwa na kompyuta ndogo, ukubwa wa pakiti ya biskuti, iliyopima joto na unyevu na kugeuza trei za mayai kila saa. Shida ilikuwa stima. Umeme ukipotea na kurudi, kompyuta ilichukua dakika sita kuamka, na dakika sita zikijirudia mara tatu kwa siku, yai linaanza kusahau linapaswa kuwa nani. Nilipofungua mfumo wa zamani nilicheka peke yangu. Kompyuta ya kuku ilikuwa na mchezo wa karata.

Aliyeziendesha mashine hizo alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Kakamega, mkaazi wa mtaa wa Gitothua, mnene kidogo, mwenye vitambaa vya kichwa vya kila rangi. Mwalimu alikuwa mwenye mali, lakini mama ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Hakuna trei iliyoingia au kutoka bila yeye kuiona.

Nilikata na kupunguza kwa wiki nzima. Niliweka orodha ya kila nilichoondoa na sababu yake, maana mimi ni mtupaji mwenye nidhamu. Siku ya kuchomeka kadi mpya niliwaita wote wawili, nikazima stima makusudi, nikaiwasha, nikahesabu kwa sauti. Sekunde kumi na moja, mashine imeamka na trei zinageuka. Nilivimba kichwa. Nikamwambia mama kwamba sasa anaweza kulala usingizi mnono.

"Binti," akasema, "usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa."

Kisha akafungua mashine ya tatu akanionyesha trei ya chini. Ilikuwa na mayai thelathini na mawili, kila moja na alama ya msalaba iliyochorwa kwa penseli. Yalikuwa yake. Kwa miaka yote hiyo aliyoangua vifaranga vya watu, hii ndiyo mara ya kwanza kuomba trei moja. Mamake alikuwa ameaga mwaka uliotangulia na kumwachia kuku saba wa kienyeji, wa ukoo ambao marehemu alikuwa ameulea tangu alipoolewa. Aliwasafirisha hadi Gitothua kwenye kikapu. Sasa walikuwa wanazeeka, wanataga yai leo na kupumzika wiki, na wakikalia mayai wanayaacha yakapoa. Alikuwa ameyakusanya hayo moja moja.

"Hawa wakiisha, wameisha," akasema. "Hakuna mahali naenda kununua wengine kama hao."

Nilisikia, nikaitikia kwa heshima, nikaenda zangu nikiwa bado nawaza zile sekunde kumi na moja.

Siku mbili baadaye nilikuwa nyumbani nakula chapati na maharagwe ya mchana simu ilipolia.

"Binti, hii mashine ya tatu imekuwa baridi," mama akasema. "Na haijalia."

"Haijalia vipi, Mama?"

"Huwa inalia. Pii, pii, pii. Leo imenyamaza tu, na hizo zingine pia nimejaribu zimenyamaza."

Niliweka chapati chini. Nilijua papo hapo nilichokifanya, na sikuhitaji kufungua orodha kukithibitisha, ingawa niliifungua. Stima ilikuwa imepotea na kurudi asubuhi. Mashine iliamka kwa sekunde kumi na moja, kama nilivyojigamba. Lakini stima iliporudi kwa kishindo, swichi ya ukutani inayolisha kipasha joto cha mashine ya tatu ilikuwa imejizima yenyewe. Programu ikaona baridi, ikapiga kengele kama ilivyozoea. Kengele haikuwa na pa kutokea. Nilikuwa nimeondoa kila kitu kinachohusu sauti.

Mama hakuwa mtu wa kukaa mbele ya skrini. Asubuhi zake zote zilipita chumba cha pili, akisugua trei kwa maji ya dawa, mlango umefungwa ili mvuke usiingie kwa mayai, na masikio yake ndiyo yaliyolinda mashine. Milio mitatu ya haraka ilimaanisha baridi. Mlio mmoja mrefu ulimaanisha maji ya unyevu yamepungua. Kimya kilimaanisha salama. Hayo hayakuandikwa popote, na mimi sikumuuliza mtu. Kwa hiyo alisugua trei zake kwa zaidi ya saa mbili, akiwa ametulia kabisa, huku mayai ya mamake yakipoa.

Nilipofika Thika joto lilikuwa linapanda tena. Mama alikuwa ameinua swichi mwenyewe. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye stuli na miwani puani, akisoma ile orodha yangu kwenye simu, niliyokuwa nimemtumia kwa majivuno wiki iliyotangulia. Alikuwa amefika kwenye mstari wa sauti, ambapo nilikuwa nimeandika sababu.

"'Kuku hawasikilizi redio,'" akasoma kwa sauti ya darasani. Akavua miwani. "Haiya. Na mama je?"

Nilinywea. Sijawahi kuchapwa na mwalimu nikaumia hivyo. Nilimwomba mama msamaha, nikaanza kumweleza mambo ya vifurushi vya programu, akaniinulia mkono ulio na povu.

"Wewe rudisha mlio," akasema. "Mengine utaniambia nikikuuliza."

Niliurudisha jioni ile ile. Kesho yake nilirudi bila kuitwa, nikageuza kreti nikaikalia, nikatoa daftari, nikamtazama akifanya kazi kutwa. Nilikuwa nimejenga mifumo kwa miaka na sikuwahi kufanya hivyo hata mara moja. Niligundua kwamba mara nyingine alikuwa akifunika skrini kwa kitambaa kwa sababu mwanga ulimkera, na kwamba aligonga kompyuta yenyewe mara mbili kwa kidole chenye maji, tabia iliyohitaji kifuniko cha plastiki na wala si programu. Nilirudisha vitu viwili zaidi, kimoja cha kupunguza mwanga wa skrini. Imeji ikanenepa, kuamka kukawa sekunde kumi na tatu, na sitadanganya, zile mbili ziliniuma.

Siku ya kumi na nane mayai huacha kugeuzwa. Kabla ya kuyahamisha, mama alileta beseni la maji ya uvuguvugu. Huko kwao, akasema, yai likikaribia kuanguliwa hulikalisha majini, na kama kuna uhai ndani litatikisika lenyewe. Mwalimu alikunja uso. Mama akaweka yai moja. Tuliliangalia likielea, maji yakatulia, halafu likaruka kidogo upande. Akaweka la pili. Tulingoja sana. Halikufanya kitu. La tatu likatikisika. Hapo akafuta mikono.

"Hayo mengine tumwachie Mungu," akasema.

Siku ya ishirini na moja, ambayo mayai huanguliwa, mwalimu alinipigia kuniambia trei ya chini bado. Mimi ambaye kanisa hunijua kwa Krismasi, niliomba nikiwa naosha vyombo. Niliomba kwa maneno ya kawaida, kwamba kama kuna adhabu ije kwangu, isipitie kwa yule mama. Kesho yake asubuhi nikafunga safari ya Thika bila kusubiri habari.

Mayai kumi na tisa yalikuwa yamepasuka. Mengine kumi na matatu hayakuwahi kufunguka, na hayo ni yangu, nimeyabeba mpaka leo. Mama hakuyataja. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, kitambaa chake cha kijani kimeteleza hadi kisogoni, akingoja vifaranga wakauke manyoya. Aliyekauka kwanza alimtoa, akamweka kwenye kiganja, akamsogeza karibu na uso akawa anazungumza kwa Kiluhya, polepole, kama mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake. Nilimuuliza anamwambia nini kifaranga.

"Si yeye," akasema. "Namwambia mama yangu kwamba kuku wake hawajaisha."

Akaanza kulia, nami nikalia, na mwalimu akatoka nje kututafutia sanduku la kuwabebea.