Bi Fakhriya na Harufu ya Maji

Bi Fakhriya bint Nadhir alikuwa na pua iliyomkosesha marafiki. Ukimwandalia chai atakwambia maziwa haya ya jana, na kweli ni ya jana. Kuwa mkweli si dhambi, lakini kuna watu hawajui kunyamaza, na yeye alikuwa mmoja wao.

Alizaliwa Tabora, akaolewa Bujumbura, akaja Ibra, huku kwa Waarabu, mwaka 1973 na mumewe Marhoun, ambaye hakumaliza miaka miwili akafariki. Hakurudi bara. Alifungua chuo nyumbani kwake, akatusomesha Kurani sisi wanawake wa mtaa, nusu Kiarabu nusu Kiswahili. Wenyeji wakituita Wazinjibari, hata sisi ambao Zanzibar hatujaikanyaga.

Maji yetu yalikuwa ya falaji. Yanatoka chini ya mlima, yanapita mtaani kwa mfereji. Pale yanapotokeza ndipo tunapochota ya kunywa; chini yake watu wanaoga, kisha msikiti, kisha mashamba ya mitende. Mwaka 1985 ukajengwa mtambo wa umeme juu yetu, upande wa mlimani. Tulifurahi. Nani hataki friji? Baada ya miezi michache Bi Fakhriya akaanza kusema maji yananuka mafuta. Tukanusa, hatukusikia kitu. Mzee Musallam, wakili wa falaji, ndiye mpangaji wa zamu za maji. Akamwambia apunguze maneno.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, redio ya Kiswahili ikatangaza kuwa mtambo wa nyuklia wa Warusi umeripuka, na watu wa huko wanaogopa mvua na maji ya mito. Hapo Bi Fakhriya alikosea, simtetei. Alisimama chuoni akasema, "Mmesikia ya Warusi? Na wetu sisi uko juu ya maji yetu!"

Alitaka tumsikilize, na tukamsikiliza kupita kiasi. Kufika Alasiri mtaa mzima unazungumza nyuklia. Mitungi ikamwagwa. Jirani yangu Tamima akamhamishia Sur binti yake mwenye mimba.

Wakubwa wakamleta muhandisi, kijana mpole. Wanaume walikaa naye mbele ya sabla yao, ukumbi wa baraza, sisi wanawake nyuma. Akaeleza kuwa mtambo wetu unakwenda kwa dizeli, nyuklia haimo hata chembe. Alisema kweli, na watu wakacheka kwa kushusha pumzi.

Bi Fakhriya akainuka. "Mwanangu, ya Warusi tuyaache. Na hii harufu ya mafuta?"

"Bi Nyuklia, kaa kitako!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikazidi. Mimi nami nilicheka. Nikisema sikucheka nitakuwa mwongo.

Jina likamganda. Chuo kikabaki na wanafunzi watatu, na hilo lilimuuma kuliko jina. Alilia mbele yangu, mara moja tu, akisema, "Wanakunywa, Ghaniya. Na watoto wanawanywesha." Kiangazi chote akawa anakwenda kuchota kisimani nje ya mtaa, mwendo wa nusu saa, ndoo kichwani, umri ule. Maji ya falaji nayo yakapungua kwa joto, na maji yakiwa machache kilichomo hukolea.

Siku moja ya Septemba, Adhuhuri imeshaadhiniwa na wanaume wanateremka msikitini, tukamwona amesimama pale panapochotwa maji ya kunywa. Maji yanapita miguuni pake. Akainama, akapiga viganja vyake juu ya udongo mkavu, akajipangusa uso. Akapiga tena, akapangusa mikono.

Alikuwa anatayamamu! Tayamamu, kutawadha kwa udongo, ni ya mtu aliyekosa maji. Kutayamamu ukingoni mwa mfereji unaokwenda ni kuwaambia watu wote kwamba maji haya hayafai, na swala zenu zina shaka.

Mzee Musallam akaja mbiombio na bakora yake. "Bi Fakhriya! Mambo gani haya, mbele ya watu?"

"Shikamoo, Sheikh Musallam."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Maji yakiingiwa na kitu, yakabadilika rangi, ladha au harufu, mtu hutawadha nayo?"

"La. Hata mtoto wa chuo anajua."

"Basi nusa. Si nyuklia, wallahi. Nusa tu."

Nilimwona anataka kukataa. Lakini neno la mwanamke juu ya mitambo ni jambo moja, na swala ya mtu ni jambo jingine. Akachuchumaa, akateka maji kwa kiganja, akayasogeza puani. Akayamwaga. Akateka tena, akanusa kwa muda mrefu zaidi. Wanaume wamesimama nyuma yake.

Akaukausha mkono kwenye kanzu yake ya dishidasha. Akaiweka bakora chini, akapiga viganja vyake juu ya udongo.

Waliokuwa nyuma yake wakainama mmoja mmoja. Bi Fakhriya hakuwaona, alikuwa keshakwenda zake kuswali.