Mguu Usiosikia

Kamate hakusikia msumari. Alishuka kwenye lori jioni, akatembea kutoka barabara kubwa hadi nyumbani kwake katika mtaa wa Ndosho, akaingia, akaketi, akaulizia chakula. Aliyeona damu ni mkewe, Marcelline: alama za mguu mmoja tu, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Alipouinua mguu ule alikuta msumari umepenya kandambili na kuingia nyamani.

"Hausikie kitu?" alimuuliza.

Kamate aliutazama kama mguu wa mtu mwingine, kisha akatikisa kichwa.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa dereva wa lori, akipeleka mabati na chumvi kaskazini, akirudi na maharagwe na viazi. Njia yote aliijua kwa tumbo. Kalengera kulikuwa na mama mmoja aliyemtengea mbavu za mbuzi bila kuagizwa, na soda mbili juu yake. Akifika salama, bia. Kaka yake Hilaire alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa sukari kule Butembo, kipofu, akipapasa kuta za nyumba aliyoijenga mwenyewe. Tangu mazishi hayo Marcelline alimsihi mumewe akapimwe. Miaka saba ilipita. Kila mara Kamate alijibu kwamba barabara ikitulia atakwenda, na barabara haikutulia.

Kesho yake asubuhi Marcelline alisimama mlangoni akiwa amekwisha kuvaa.

"Papa Élodie," alimwita kwa jina la mtoto wao, "leo hauende kwa lori. Tunaenda kwa dokta."

Dokta Buhendwa, kijana wa upande wa Bukavu, alimtoboa kidole, akasoma namba, akamtoboa kidole kingine kana kwamba hakuamini. Sukari ilikuwa imepita mia nne. Kisha alimwambia afumbe macho na aseme kila anapoguswa mguuni kwa pamba. Kamate alifumba, akangoja. Alingoja mpaka akadhani daktari ametoka nje. Alipofumbua macho alimkuta palepale, pamba ikiwa juu ya vidole vyake, na Marcelline ameinamisha uso.

Daktari aliuliza hali hiyo ilianza lini. Hapo Kamate akasema jambo ambalo alikuwa hajawahi kumwambia mtu.

"Inaweza kuwa miaka mbili. Nilikuwa nakanyaga frein kwa kusikiliza injini, na kwa goti. Muguu yenyewe haikuwa inaniambia kitu."

 Alipozitaja breki aliwaona tena akilini wale akina mama waliokuwa wakipanda juu ya mizigo yake njiani pale Kibumba, watoto mgongoni, wakimshukuru wakishuka.

"Sukari tutaishusha, papa," daktari alisema. "Hii muguu, siwezi kukuahidi."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa mwenye lori, mzee Josias, akamrudishia ufunguo. Josias alimwambia asiharakishe, apumzike wiki mbili arudi. Kamate alikataa, akaeleza kwa nini, na mzee akautia ufunguo mfukoni.

Basi akabadilika, na hakubadilika nusunusu. Ugali aliupunguza ukawa wa ukubwa wa ngumi. Aliacha soda, akaacha bia, akaacha nyama ya mafuta. Alikula sombe, mboga ya majani ya muhogo, na maharagwe, akameza vidonge kwa saa ileile kila siku. Kila asubuhi Marcelline alimwosha kidonda na kukifunga upya. Sukari ilishuka: mia tatu, mia mbili na kumi, mia na sitini. Majirani walimsifu kwa kupungua mwili.

Kidonda hakikujali. Kilifunga juu na kuoza chini. Wiki ya sita kidole gumba kilikuwa cheusi, na mwezi wa tatu ulipoingia daktari alionyesha kwa mkono wake mahali pa kukata: chini kidogo ya goti.

Asubuhi ya kukatwa muuguzi Bénita alimpima kwa mara ya mwisho, akatabasamu kwa nia njema.

"Sukari yako ni muzuri sana leo, papa. Ni kama ya mutu hana ugonjwa."

Kamate aligeukia ukutani. Yote waliyomwagiza alikuwa ameyafanya. Tena yalikuwa mepesi. Mtu angeweza kuyafanya miaka saba kabla, bila hata kuacha kazi.

Aliporudi nyumbani hakutaka kuketi nje ambako malori ya barabara kubwa yalisikika. Siku moja alisukuma sahani, akamuuliza Marcelline, "Sasa ninajinyima juu ya nini?"

"Uko na muguu moja bado," Marcelline alijibu. "Na macho."

 Tangu juma lililopita Kamate alikuwa akiona ukungu katika jicho la kushoto, na alikuwa hajamwambia mkewe. Siku hizi alikuwa wa kuchomwa sindano ya sukari badala ya vidonge, na saa yake ilikuwa imefika; Marcelline alikuwa amekwisha kuiandaa, amesimama nayo mkononi. Kamate aliinua shati. Matumaini hakuwa nayo. Hakutaka tu Marcelline aendelee kusimama.