Siku Gari Langu Lilipopika Bugali

Kosa langu la kwanza, na nalisema mapema ili msije mkanitafutia visingizio, lilikuwa kuamini kwamba gari safi ni gari zima. Mengine yote ya Jumapili ile yalizaliwa na kosa hilo, mpaka mimi kusimama mbele ya baba wa msichana niliyekwenda kumposa, shati langu jeupe likiwa na uji wa njano kuanzia kola hadi kiunoni. Na kwa kuwa waliokuwepo wamekwisha kulisimulia jambo hili mara nyingi kuliko mimi (tena kwa kuongeza chumvi), afadhali leo nilisimulie mwenyewe.

Nilikuwa fundi redio pale Shinyanga mjini. Sikwenda chuo chochote. Nilijifunza kwa kufungua redio moja, kuiharibu, kisha kufungua nyingine, na labda ndiyo sababu nikawa mtu wa wasiwasi, maana aliyejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia kwamba sasa imetosha. Basi nilipopata gari, la Kifaransa, la milango minne, gia iko kwenye usukani na kiti cha mbele kirefu kama benchi la zahanati, wasiwasi wote niliuhamishia huko. Nailoni ya viti sikuitoa. Vioo sikufungua, kwa sababu ya vumbi. Kila siku kabla ya kazi nililifuta, na kila jioni nililifuta tena, hata kama halikutoka uani.

Mjini tulikuwa watatu wenye gari la aina ile. Mwenzetu mmoja alikuwa Mzee Hemedi, muuza vitambaa, mzaliwa wa Tabora ambaye Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha zile redio nilizokuwa natengeneza. Wa pili alikuwa Mama Kulwa, muuguzi, ambaye gari lake lilibeba wagonjwa, kuku na magunia ya karanga, wakati mwingine vyote kwa safari moja. Jumamosi jioni tulikaa kibarazani kwa Mzee Hemedi, magari yetu matatu yamepangwa mbele yetu kama ng'ombe wa mnadani, kila mmoja akatoa maoni yake.

"Sifa ya gari hili ni buti," alisema Mzee Hemedi. "Napakia majora ya vitambaa mpaka nachoka mimi, buti halijachoka."

"Buti si sifa," akasema Mama Kulwa. "Sifa ni mgongo. Nilimtoa mjamzito Songwa, njia yote mashimo, akajifungulia hospitali, siyo kwenye kiti changu."

Mimi nikasema sifa yake ni rangi. Rangi ya kiwandani, haijaguswa.

Walicheka mpaka mzee akavua kofia. "Ng'wanawane," Mama Kulwa aliniambia (ndivyo Wasukuma tunavyomwita mtu mwanangu), "rangi haipandi mlima. Maji ya rejeta ulibadilisha lini?"

"Mfuniko wake nimeusugua kwa mafuta ya taa jana tu."

"Nimeuliza maji."

"Mama Kulwa, lako ukilifuta siku moja litashtuka."

"Na lako siku likipata tope litadai talaka. Wewe hulitunzi gari, mwanangu, unalivisha sanda."

Jioni moja walibishana kuhusu rejeta inayovuja ukiwa safarini, mbali na fundi. Mama Kulwa alisema dawa yake ni bizari, kijiko kimoja ndani ya rejeta, inakwenda yenyewe kuziba tundu. Mzee Hemedi akasema hiyo ni mboga, dawa ni unga wa udaga, huu wa muhogo, konzi moja tu. Walibishana mpaka adhana ikamwita mzee. Mimi sikubishana. Niliandika yote mawili kwenye daftari.

Sasa kuhusu Teresia. Alikuwa amekuja Shinyanga kusomea ushonaji, akaniletea redio ya shangazi yake, akairudisha mara tatu ikiwa haina ubovu wowote, nami nikaelewa. Kwao ni Ushirombo, Wasumbwa, wakulima, Wakatoliki wa kwenda misa hata mvua ikinyesha. Baba yake alituma neno kwamba atatupokea Jumapili baada ya misa, na kwamba yuko mwingine amekwisha kuulizia, kwa hiyo tusimcheleweshe. Mshenga wangu alikuwa Mzee Hemedi. Mimi Mkatoliki na yeye Mwislamu, lakini kwa maneno ya kuposa nisingepata mwingine kama yeye.

Tatizo lilikuwa saa. Miaka ile, kwa kubana mafuta, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Tungeweza kwenda kwa basi Jumamosi, mzee alisema hivyo kabisa, lakini mimi nilitaka wanione nikiingia na gari.

Jumamosi jioni nikiwa chini ya gari nalifuta tumbo (ndiyo, hata tumbo), niliona tone la maji. Tone moja, likaanguka, nikasubiri, likaja lingine. Rejeta. Ningeweza kwenda kwa fundi, ila mikono ya fundi niliijua, grisi tupu. Ningeweza kumwambia Mzee Hemedi, ila angemwambia Mama Kulwa, na Mama Kulwa angecheka mpaka Pasaka. Basi nikafungua daftari. Kijiko kimoja cha bizari, konzi moja ya udaga. Nikafikiri, safari ni ndefu, na hao wawili ni watu wa kukisia tu, mimi napenda kitu kifanywe sawasawa. Nikatia pakiti nzima ya bizari. Nikatia na bakuli zima la udaga. Nikawasha injini kidogo, tone likakoma. Nililala mtu mwenye furaha.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mzee Hemedi alivaa kanzu ya sikukuu, akaketi juu ya nailoni, na kabla hatujafika Isaka jasho lilikuwa limemgandisha kitini.

"Kijana, fungua kioo."

"Vumbi, mzee."

"Nimekuja kuposa au kuokwa?"

Nilimfungulia vidole viwili. Kahama tulipita vizuri, mshale wa joto ukiwa juu kidogo, nami nikajiambia ni jua. Baada ya Kahama msitu ulitufunga pande zote, na kupitia vile vidole viwili vya kioo ikaanza kuingia harufu.

Mzee akanusa. "Nani anapika pilau porini?"

"Labda kijijini, mzee."

"Kijiji gani? Tuna saa nzima hatujaona hata banda, na harufu inatufuata."

Nilisimama mara mbili nikasubiri lipoe, nikimwambia mzee napumzisha matairi, naye aliniangalia tu. Mara ya tatu gari lilisimama lenyewe. Tulikuwa tumebakiza kama maili moja, nyumba zinaonekana, saa nane kasoro robo, na watu walikuwa wanarudi kutoka misa ya pili. Walituzunguka, wema kabisa, wakasema tutasukuma.

Hapa ndipo ningeomba mnisikilize bila kucheka. Miongoni mwao alikuwapo mzee mmoja mwenye koti la kijivu, ameegesha baiskeli yake chini ya mti, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi ya mnyororo. Aliinyoosha yote miwili kuelekea buti langu, nami nikapiga kelele.

"Mzee! Samahani, usiguse hapo, utaacha alama. Chukua kitambaa hiki. Na ushike bampa tu."

Aliiangalia mikono yake, kisha akaniangalia mimi. Akachukua kitambaa, akakizungushia viganja, akainama kwenye bampa. Mimi nikarudi ndani kushika usukani, maana sikumwamini mtu mwingine kuushika, na hivyo ndivyo nilivyoingia Ushirombo, nimekaa, nasukumwa na watu wa nguo za kanisani, huku Mzee Hemedi akitembea kando ameshika pindo la kanzu.

Tulipofika njia panda, mgambo akanyanyua fimbo.

"Simama! Saa nane na dakika tano. Gari la mtu binafsi linatembea."

"Halitembei, bwana mdogo," Mzee Hemedi akamwambia. "Linasukumwa."

"Magurudumu yanazunguka?"

"Yanazunguka."

"Basi linatembea."

"Lakini halili mafuta! Katazo ni la mafuta, si la magurudumu."

Mgambo akafikiri. Akainama kwenye kile kioo cha vidole viwili. "Mwenye gari wewe? Kabila gani?"

"Msukuma."

Akasimama wima, akawageukia watu. "Msukuma amekaa, Wasumbwa wanasukuma! Tangu lini? Shuka, bwana, fanya kazi ya jina lako!"

Walicheka mpaka wakaliachia gari likarudi nyuma kidogo. Nilishuka. Mgambo akasema kwamba kama mwenyewe anasukuma, yeye hakuona kitu. Mzee Hemedi alishika usukani (kwa kanzu yenye jasho na vumbi), nami nikainama kwenye bampa kando ya yule mzee wa koti la kijivu, bega kwa bega.

Tulilisukuma mpaka uani kwa kina Teresia. Viti vilikuwa vimepangwa. Yule mzee akafungua kitambaa mikononi, akakikunja mara nne, akanirudishia. "Kitambaa chako," alisema. Kisha akaenda akaketi kwenye kiti cha katikati.

Mama mmoja akatoka ndani. "Baba Teresia, wageni ndio hawa?"

"Ndio hawa," alisema.

Mtu mwenye akili angepiga goti papo hapo, akasema shikamoo baba, nisamehe. Mimi nilisema, "Ngoja kwanza nitazame injini." Nilitaka tu mahali pa kuficha uso, na boneti ikifunguliwa inaficha vizuri. Nikauzungushia mfuniko wa rejeta kile kitambaa, nikaufungua, na injini ilikuwa bado ya moto.

Sitaeleza mlio. Kilichotoka kilikuwa cha njano, kizito, kimeiva, kikaruka juu ya boneti, kikaangukia kioo cha mbele, shati langu na kuku wawili waliokuwa karibu. Niliungua kidogo shingoni, si sana. Bibi yake Teresia, aliyekuwa mlangoni, akasogea, akanusa, akagusa kwa kidole donge lililokuwa kwenye bampa.

"Bugali!" akasema. Ndivyo wanavyouita ugali huko. "Gari limepika bugali!"

Teresia aliletwa na maji ya kuninawisha. Alimimina bila kuniangalia, na kwa sauti ya chini akasema, "Ulizidisha unga." Hilo ndilo neno pekee alilosema na mimi siku ile.

Mzee Hemedi hakukata tamaa. Alijifuta, akaketi, akakohoa, akaanza kwa mpango, salamu za Shinyanga, habari za mvua, kisha akafika penyewe: "Kijana wetu huyu amekuwa mkubwa, nyumba anayo, kazi anayo, lakini nyumba haina moto. Tumekuja kwenu kuomba jiko."

"Jiko?" akauliza Baba Teresia. "Mbona mmekuja na lenu?"

Ua mzima ulicheka, hata mama. Yeye hakucheka. Alingoja wamalize, kisha akanigeukia mimi, siyo mshenga.

"Binti yangu analima," alisema. "Baiskeli yake mnyororo unatoka kama wangu. Akija kwako, kwenye gari hilo atashika wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa ukoo, kazi, dini, nimeandika mpaka majibu.

"Ulijua linavuja?"

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Jana jioni."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

Mzee Hemedi aligeuza shingo akaniangalia, mtu niliyemtoa kwake alfajiri, nikamwoka njia nzima na kumdanganya kuhusu pilau, na sikuona hasira usoni mwake, ila aliachia pumzi taratibu kama mtu aliyeweka chini mzigo.

"Posa tumeisikia," alisema Baba Teresia. "Hatujakataa. Lakini jibu leo halipo."

Tulilala huko kwa sababu ya lile katazo, na Jumatatu nzima nilikaa nachota ugali kutoka kwenye mipira ya rejeta kwa waya. Shinyanga tulifika nyuma ya lori la pamba, kwa kamba. Mama Kulwa alipoelezwa hakucheka kama nilivyoogopa. Aliuliza tu, "Kwani ungesema, tungekufanya nini?" Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Jibu lilikuja baada ya mwaka na zaidi. Kabla yake nilikwenda Ushirombo mara nne, kwa basi, mara ya kwanza kuomba radhi na zilizobaki kulima, na Baba Teresia alikuwa ananipa jembe bila maneno mengi. Yule mwingine aliyeulizia alioa kwingine. Teresia na mimi tuna watoto wawili sasa. Gari bado ninalo, rejeta nimeweka nyingine, milango ina mikwaruzo na sijaihesabu. Ila kilichobadilika hasa ni kimoja: kitu kikianza kuvuja, kiwe cha gari, cha dukani au cha moyoni, namwambia mtu siku hiyohiyo.