Moyo wa Yai Baridi

Marcella alipata kazi kwa mzungu mtafiti wa mifugo, nje kidogo ya mji wa Embu, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kuuliza maswali. Kazi yenyewe ilikuwa kutunza mayai ambayo hayakukusudiwa kuanguliwa. Mzungu alitoboa kila ganda tundu la ukubwa wa shilingi, akaliziba kwa kioo chembamba, kisha akainama kutazama moyo mwekundu ukirukaruka ndani, kabla kifaranga hakijapata mdomo. Banda lilikuwa kimya, na kila kilichokuwa hai humo hakikuwa na sura.

"Ona," alimwambia kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Moto mingi, moyo mbio, damu kidogo. Baridi, moyo pole, damu mingi."

Marcella aliona. Yai likipashwa moto, moyo ulijifinya ungali nusu tupu, kama mtu anayenyanyua mtungi kabla maji hayajafika shingoni. Likifunikwa kwa kitambaa kibichi, moyo ulitulia, ukangoja, ukavimba wote, ndipo ukapiga.

Jioni alirudi kijijini, kile cha Emajensi, ambamo serikali ya kikoloni iliwafungia watu wasiwalishe wapiganaji wa msituni, chenye mtaro uliojaa miti iliyochongwa na lango moja. Wanawake walimtania: "Mama wa mayai, leo umelalia mangapi?" Aliyecheka zaidi ni Teresia, jirani yake, mwoga wa kila kitu, hata wa kicheko chake mwenyewe.

Langoni alikaa Ndambiri, mkubwa wa homgadi, wenyeji walioshikia serikali bunduki, naye alikuwa na sayansi yake. Kila aliposikia kwamba watu wa msituni wamepita, aliwapanga wanawake wakirudi kutoka mtoni, akabandika kiganja mgongoni mwa kila mmoja. Moyo uliokwenda mbio ulikuwa wa mwongo. Mwenye moyo huo alipandishwa lori, na kwa kuwa hakuna aliyerudi kueleza kama Ndambiri alikosea, Ndambiri hakuwahi kukosea.

Asubuhi moja, Njura, mumewe Marcella, alikuwa amelala darini juu ya meko, mguu wake una risasi. Alikuwa ametoka msituni. Akipatikana, ni kitanzi, na Ndambiri alikuwa amekwisha kusikia kwamba mtu amepita usiku.

Mtoni, Marcella alizamisha uso na kifua katika maji yashukayo mlimani, akakaa humo mpaka midomo ikafa ganzi.

"Kwani wewe ni samaki?" Teresia akauliza.

"Natoa usingizi. Ingia na wewe."

"Niugue mapafu bure? Mimi sina la kuficha."

Langoni, kiganja kikatua mgongoni. Marcella aliuhisi moyo wake ukingoja, ukijaa, ukipiga pigo moja zito. Kisha ukangoja tena. Katika kungoja huko hakuwa na hakika kama bado yu hai.

"Huu unagonga kama mtu anabisha hodi," Ndambiri alisema.

"Ni wa mkulima, mkubwa. Hauna haraka."

Ndambiri alifikiri. Sayansi yake ilihusu mbio tu. Juu ya uzito haikuwa na neno.

"Pita."

Nyuma yake alikuwa Teresia, asiyejua lolote, akitetemeka kama kawaida yake. Kwake kiganja hakikukawia; akapandishwa lori.

Njura alipona, akazeeka, akawa mtu wa kulalamikia chumvi. Marcella hakufuga kuku tena. Alisema kwamba akilalia ubavu wa kushoto husikia mioyo miwili: wake, uliotulia, na mwingine mgongoni mwake, unaokwenda mbio, usiopata hata mara moja nafasi ya kujaa.