Dari Iliyo Chini ya Jicho

Mafundi wenzake walimwita Mjusi, naye aliitika bila kinyongo, kwa kuwa riziki yake ilining'inia darini. Tangu ujana wake alipigilia bodi za dari katika nyumba za watu, shingo kaikunja nyuma, misumari kaibana midomoni, macho juu. Wengine kazi hiyo huwatia kisunzi mapema. Yeye alipiga soga huku akipigilia, na nyundo yake haikukosea.

Siku aliyorudi kazini baada ya ajali, ilikosea. Aliinua macho akaona misumari miwili mahali alipoweka mmoja, mmoja juu ya mwenzake. Akaupiga wa juu, bodi ikapasuka. Akaupiga wa chini, akaponda kidole gumba.

"Shuka," kaka yake akasema kutoka chini.

"Sishuki."

"Shuka, mdogo wangu. Utatutobolea nyumba ya watu."

Kaka ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi, na ndiye aliyekuwa ameshika ubao wa dari siku ya ajali. Alikuwa ameuinua ili Mjusi, dada yake, aupigilie, simu ikaita mfukoni, akaachia mkono mmoja. Ubao ukateleza, ncha yake ikamtandika Mjusi chini ya jicho la kushoto. Zahanati walishona palipochanika, wakampa dawa za maumivu, wakamruhusu. Jicho lilivimba likafumba kama ngumi. Uvimbe ulipoanza kupungua, nyumba nzima ilishusha pumzi. Mama yake alimletea kioo kila asubuhi: "Jitazame, mwanangu. Umepona."

Hapo ndipo walipojidanganya. Uvimbe ndio uliokuwa umelishikilia jicho. Kadiri ulivyonywea, ndivyo jicho lilivyozama ndani, na ndivyo kila kilichokuwa juu kilivyozidi kujigawa mara mbili.

Jioni ya siku hiyo ya kuponda kidole, kaka alitoa hukumu yake sebuleni. "Kuanzia kesho utakoroga rangi. Chini. Macho yako yote mawili yanaona, unataka nini tena?"

"Yanaona kupita kiasi," Mjusi akasema. "Ndiyo taabu yenyewe."

"Vaa miwani ya giza, mwanangu, ushukuru uhai," mama akaomba.

Vumbi la bodi lilikuwa limemjaa Mjusi puani, akachukua kitambaa akapenga kamasi kwa nguvu na kwa hasira. Mara kope la kushoto likatuna kama puto. Mama akaligusa, akasikia kitu kikichakarika chini ya ngozi, akapiga yowe lililowatoa majirani nje.

Mjusi peke yake ndiye aliyetulia. Alikuwa amezoea kutafuta mahali dari inapovuja.

"Hewa ya puani imepita wapi mpaka jichoni?" akauliza. Hakuna aliyejua. "Basi kuna tundu. Na tundu huzibwa. Kesho naenda hospitali kubwa."

Daktari wa upasuaji alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono midogo na sauti ya mtu asiyependa kurudia maneno. Alimpiga picha za kichwa, kisha akainua kalamu. "Ifuate kwa macho. Usiinue kichwa." Jicho la kulia lilipanda pamoja na kalamu. La kushoto likagota njiani.

"Jicho limekaa ndani ya chumba cha mfupa," daktari akaeleza. "Sakafu ya chumba hicho ni nyembamba kama ganda la yai. Yako imevunjika. Mafuta yanayolizunguka jicho yamezama kwenye uwazi ulio ndani ya shavu, na msuli umenasa kwenye ufa. Ndiyo maana jicho halipandi."

"Na huo uwazi wa shavuni, juu yake kuna nini?"

"Sakafu hiyohiyo."

"Basi hiyo ni dari, daktari. Dari ya chumba cha chini imeporomoka."

Daktari akacheka. "Na fundi wake ni mimi. Nitapita ndani ya kope la chini, kovu lisionekane. Nitaunasua msuli, nirudishe vilivyozama, kisha nitandike kisahani chembamba cha metali chenye matundu kama chujio. Ukingoni nitakikaza kwa skrubu ndogo."

"Skrubu, si misumari?"

"Skrubu."

"Hapo tumeelewana."

Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia kwamba hatari ya kupofuka ipo, ingawa ni ndogo. Kwamba huenda akiangalia juu kabisa ataendelea kuona viwili. Na kwamba wakichelewa, kovu litaushika msuli palepale uliponasa.

Kaka alimngoja ukumbini. "Wakukate karibu na jicho? Ukipofuka je? Mkono wangu umekuumiza mara moja. Sikupeleki kuumizwa tena."

"Hunipeleki, kaka. Naenda mwenyewe." Mjusi alisimama mbele yake, akamtazama kwa jicho zima na kwa lile lililozama. "Unanihurumia mimi, au unajihurumia? Kila ukiniona juu, unauona ule ubao. Nikikaa chini nikikoroga rangi, wewe utapata usingizi. Na mimi je? Darini nilipanda kwa miguu yangu. Nitarudi kwa miguu yangu."



Mjusi alipigwa nusu kaputi, akapasuliwa. Alipozinduka, muuguzi alimjia tena na tena kupima kama jicho linaona.

"Vidole vingapi?"

"Viwili. Na kucha moja inahitaji sabuni."

Alikatazwa kupenga kamasi. Akipiga chafya, aipige mdomo wazi. Mama alilichukua katazo hilo kama amri ya vita: alikusanya vitambaa vyote nyumbani, akavificha, akalinda pua ya bintiye kama mlinzi wa benki.

Mwanzoni vitu bado vilikuwa viwili, na kaka akaguna, "Si nilisema?" Mjusi alimpa kisogo. Alilala chali akiukodolea macho msumari wa dari juu ya kitanda chake, kama daktari alivyomfundisha. Misumari ile miwili ilisogeleana kwa uvivu, mpaka asubuhi moja ikawa mmoja.

Daktari alipomruhusu, alirudi kazini.

"Mjusi kawekewa chuma usoni!" fundi mmoja akatania.

"Kweli, na hakipati kutu. Linda ulimi wako wewe."

Shavu bado lilikuwa na ganzi, lakini katikati ya chumba kila msumari ulikuwa mmoja. Alipofika kwenye kona ya ukutani, dari ilikoinuka juu zaidi ya jukwaa alilosimamia, akasimamisha nyundo.

"Miwili?" kaka akauliza kwa sauti ya chini.

"Miwili."

"Basi shuka, dada. Umejaribu."

"Nani kakwambia najaribu? Inueni jukwaa hili hatua moja. Jicho likigoma kupanda, nitapanda mimi."

Mafundi wakatazamana, kisha wakaliinua. Mjusi akapanda. Sasa msumari ulikuwa mbele ya uso wake, na ulikuwa mmoja.

"Kaka, lete ubao."

Kaka alitoa simu mfukoni, akaiweka sakafuni kando ya ukuta, akauinua ubao kwa mikono miwili. Simu ikaita. Ikakatika, ikaita tena. Kaka hakugeuka, na nyundo ikaanza kugonga.