Refa Mwenye Mtoto Mgongoni

Kabla binti yangu hajazaliwa, Jumamosi jioni ilikuwa ya mpira. Sisi maveterani wa Bariadi, watu wenye vitambi na magoti yanayolalamika, tulikutana kwenye kiwanja cha shule ya msingi na kukimbizana mpaka ng'ombe wanaorudi kutoka malishoni watukatize. Mimi nilikuwa beki wa kulia. Beki mzuri sikuwa, ila nilikuwa na sauti.

Mtoto alipokuja, sauti hiyo ikahamia kwenye kubembeleza. Naye alikuwa na sharti lake: halali mpaka abebwe mgongoni, na anayembeba awe anatembea. Ukisimama, anafungua macho. Ukikaa, mtaa mzima unajua umekaa.

Jumamosi moja mke wangu alikwenda saluni kusuka, mara ya kwanza tangu ajifungue. Mama mkwe, aliyetoka Mwamapalala kuja kutusaidia kulea, alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani.

"Ameshanyonya, ameshiba," mke wangu aliniambia huku akinifunga mbeleko. "Wewe tembea naye tu."

Hakusema nitembee wapi. Miguu yangu ikanipeleka kiwanjani.

Siku hiyo tulikuwa na wageni, maveterani wa Nkololo, waliokuja wamesimama nyuma ya lori la kubebea pamba. Wenzangu waliponiona na kitenge kifuani walicheka mpaka kipa wetu akaketi chini. Kisha ikajulikana kwamba refa hajafika, ana msiba. Nahodha wa Nkololo, mzee mwenye soksi za rangi mbili, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Huyu achezeshe," akasema. "Mtu mwenye mtoto mgongoni hawezi kufanya uhuni."

Nikapewa kipyenga. Nikapuliza mara moja tu. Binti yangu aliruka kama aliyemwagiwa maji, akalia kilio kilichofanya hata ng'ombe waliokuwa pembeni waache kutafuna. Wachezaji wote wakanigeukia kwa hasira.

"Unapulizaje kipyenga na mtoto amelala?" beki wa Nkololo akanikemea. Ana wajukuu, nadhani.

Tukakubaliana nitumie kitambaa. Nikipunga juu, faulo. Nikipunga chini, endeleeni. Mtoto akalala tena, maana refa hasimami, na mchezo ukaendelea kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Watu wazima walikuwa wakigombana kwa kunong'ona.

"Refa," straika wetu alinisogelea kwa kunyata, "ile ilikuwa penalti."

"Haikuwa," nikamnong'oneza.

"Ilikuwa, wewe mtu! Nimekatwa mguu!"

"Shhh!" wakasema timu zote mbili.

Tulipofunga bao, wenzangu walishangilia kwa kurukaruka kimya kimya, mikono juu, midomo wazi, kama watu wanaoonekana kupitia kioo cha dirisha.

Kipindi cha pili kilikuwa kinakaribia kuisha nilipoona mwavuli mweusi unaingia kiwanjani kutoka upande wa barabara. Chini yake alikuwa mama mkwe. Alikuwa amefika nyumbani, akakuta mlango umefungwa, na majirani wakamwelekeza. Hakuzunguka kiwanja. Alikatiza katikati, moja kwa moja kuelekea mgongo wangu.

Sasa kwetu, mtu hamsalimii mama mkwe akiwa amesimama kama mlingoti. Unajitenga pembeni, unachuchumaa, unainamisha macho. Kwa hiyo nikachuchumaa palepale, ndani ya boksi la penalti.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu mama kwa Kisukuma, nikiyaangalia majani.

"Mwadila, baba," akajibu kwa utulivu wa kutisha.

Kipa wetu, aliyelelewa vizuri na wazazi wake, akaona aibu kubaki amesimama. Naye akachuchumaa. Mabeki wakachuchumaa. Straika wa Nkololo peke yake ndiye aliyekuwa ameukodolea mpira macho, hakuona mama wala mwavuli. Akapiga. Wavu ukatikisika.

Hapo minong'ono ikaisha, na usingizi wa mtoto pia. Watu walipiga kelele zote walizokuwa wamezibana tangu mwanzo. Wengine bao, wengine si bao. Mimi nilikuwa bado chini, sijui hata mpira ulipita wapi. Nahodha wa Nkololo akamgeukia mama mkwe.

"Mayu, wewe ulikuwa umesimama. Uliona. Lile bao?"

Mama mkwe alikuwa anafungua fundo la mbeleko yangu. Hakuharakisha.

"Mimi mpira siujui," akasema. "Lakini huyu kijana golini alikuwa ananisalimu. Mtu anayesalimu hafungwi."

Nahodha alivuta soksi zake, akafikiri, akaitikia kwa kichwa. "Mayu amesema kweli. Si bao."

Nilidhani atamchukua mjukuu na kuondoka. Badala yake alimfunga mgongoni mwake, akaenda kusimama kwenye mstari wa pembeni, mwavuli juu. Mara akauliza wetu ni wepi, akaonyeshwa. Mara akauliza kwa nini yule mnene harudi nyuma kukaba. Dakika za mwisho alikuwa anapiga kelele kuliko uwanja mzima.

"Mkabe! Mkabe huyo! We baba, unalala?"

Mtoto, mgongoni mwake, alikuwa anakoroma.