Walikuja na Unga Nikimfumua Mwanangu

Rafiki yangu, wewe huwezi kunicheka, ndiyo maana nakusimulia.

Binti yangu alikuwa anauza vitenge vya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, hapa Tunduma, ana mdomo kuliko madereva wa malori. Halafu akanyamaza. Anashinda amelala, haogi, hasemi, saa nyingine anakodoa macho ukutani ukimwita hasikii. Daktari akasema ni sonona, akampa vidonge. Akatuandikia pia twende Mbeya apimwe umeme wa ubongo, tujue kama kule kukodoa ni kifafa. Akasema wataalamu wanatafuta kama hata sonona inaweza kuonekana kwenye umeme huo.

Mimi niliposoma shule ya jioni, mwalimu alituambia mwilini mna umeme, tukamcheka darasa zima. Sasa nikaushika huo kama kamba. Wifi yangu alishasema Jumamosi anampeleka binti kwa mganga kule Ibaba, na vidonge ataviacha. Nikawaza, mashine ikiuona ugonjwa, wifi atanyamaza.

Masharti ya kipimo yalikuwa kichwa kisafi, kisisukwe wala kupakwa mafuta. Nikamkalisha mlangoni mchana, nikamfumua nywele. Nikasahau kwamba mtaani kwetu mwanamke akifumuliwa mlangoni, kichwa wazi, hapo pana msiba. Sijamaliza upande mmoja, majirani hao, na unga na kuni. Wifi mbele, kanga kiunoni, analia.

"Wifi, nani ametutoka?"

"Hakuna. Tunaenda kupima kichwa."

Akafuta machozi. "Basi umemchuria mtoto, umemwitia kifo."

Jirani mmoja akauliza, "Sasa unga turudi nao?"

Binti yangu, ambaye wiki nzima hajatoa neno, akainua kichwa.

"Shangazi, kumbe kuni mnaleta nikifa tu."

Unga waliuacha.

Mbeya wakambandika nyaya kichwani kwa dawa nzito kama uji, mashine ikachora mistari. Daktari akasema kifafa hakuna.

"Na sonona?"

"Hiyo, mama, bado hatujui kuisoma hapa. Wanatafuta. Kwa sasa tunaijua kwa kumsikiliza yeye."

Nilitoka pale bila cha kumwonyesha wifi. Ila kwenye basi nikajiuliza, kwani mimi nilihitaji mashine? Si nilimsikia pale mlangoni?

Jumamosi wifi akaja na mkoba wa kubebea nguo za binti.

"Mashine imeona nini?"

"Kifafa hakuna."

"Na huo ugonjwa wenu?"

"Haijajua kuuona."

"Basi haupo. Mtoto avae, twende."

"Wifi, hata Mungu hakuna mashine iliyomwona, na kesho utamwimbia. Mwanangu hatoki hapa. Vidonge atakunywa, na mimi nitamwombea, vyote viwili. Ukitaka kumsaidia, kaa naye umsikilize."

Alikaa kidogo, kwa hasira, akaondoka na mkoba wake mtupu.

Binti bado ana siku mbaya, sikudanganyi. Lakini siku nyingine anaenda sokoni kuuza, na nywele nimemsuka mwenyewe, palepale mlangoni, watu wakiona.

Haya, usikae na habari hii peke yako. Ukimjua mama ambaye mwanawe amenyamaza, msimulie. Na majirani zake wasimulie pia, wapeleke unga mtoto angali hai.